Mahame na Wakfu: Hukumu ya Mahali pa Ibada Baada ya Watu Wake Kuondoka

Swali la iwapo nyumba ya ibada hubaki kuwa nyumba ya ibada baada ya waumini wake kuihama, au baada ya kuingiwa na watu wa imani nyingine, au baada ya kugeuzwa kuwa makumbusho, ghala au makazi ya waliopoteza makao, ni swali la kale, na majibu yake hutegemea kile kinachodhaniwa kupafanya mahali kuwa patakatifu. Wapo wanaoona kwamba utakatifu umo katika ardhi na kuta zenyewe, hivi kwamba hata gofu hustahili heshima ya jengo zima. Wapo wanaoona kwamba umo katika tendo la ibada, na kwa hiyo huondoka pamoja na watu. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameweka uzito wao katika jambo la tatu, nalo ni wakfu: tendo la mwenye mali kuitoa mali yake kwa ajili ya Mungu, ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi tena. Jibu hili la tatu ndilo lenye nguvu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalowabebesha walio hai deni kwa waliotangulia na kwa watakaokuja, ingawa, kama itakavyoonekana, lina ugumu wake pale ambapo tamko la wakfu halikuandikwa na mashahidi wake wamekwisha kufa.

Masalani, mji wa Ijara ulioko upande wa mashariki wa Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, unaweza kuonekana kuwa mahali pasipofaa kuulizia swali hili, kwa sababu hauna msikiti wa karne nyingi wala minara iliyoandikwa katika vitabu vya historia. Hata hivyo mji huo uko mpakani mwa namna mbili za kuelewa mahali pa ibada. Upande mmoja iko desturi ya wafugaji wa Kisomali, ambao kwa vizazi vingi walihama na mifugo yao kati ya mto, mbuga na Msitu wa Boni. Upande mwingine, kiasi cha kilomita mia moja tu kuelekea kusini-mashariki kwa mstari ulionyooka, viko Visiwa vya Lamu, ambako Waswahili walijenga misikiti ya matumbawe na chokaa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ambako mahame, yaani miji iliyoachwa na wenyewe, ni mengi kuliko miji inayokaliwa. Pande hizi mbili zimeunganishwa na madhehebu moja ya sheria, ya Imamu Shafii, na pia na jambo la kijiografia ambalo si dogo kwa mwenye kuswali: Masalani na Lamu ziko karibu kabisa katika longitudo ya Makka, na kwa hiyo kibla, yaani mwelekeo wa swala, huko kote ni kaskazini, bila kupinda kwingi kulia wala kushoto.

Mfugaji anayehama hahitaji jengo ili aswali. Mafundisho ya Kiislamu yanasema kwamba ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia na kitu cha kujitwaharishia, na mchungaji wa maeneo makavu amelichukua fundisho hilo kwa maana yake iliyo wazi kabisa: mahali panasafishwa, miba inaondolewa, pengine mawe au matawi yanapangwa kuonyesha mpaka na kishubaka kidogo upande wa kaskazini kuwa mihrabu, ambayo ni sehemu anaposimama imamu, na jamaa wanaswali hapo kwa muda wote ambao boma lao lipo. Chini ya mti wa karibu watoto husoma duksi, yaani chuo cha Kurani, wakiandika aya kwa wino juu ya mbao zinazooshwa na kuandikwa upya. Malisho yanapokwisha, nyumba za fito hufunguliwa, watu huondoka, na mahali pale hurudi kuwa nyika. Hakuna anayedai kwamba ng'ombe wa jirani atakayepita hapo baadaye anavunja heshima ya msikiti. Ibada ilifanyika kweli na kwa ukamilifu, lakini haikuacha dai lolote juu ya ardhi.

Hali ilikuwa tofauti kabisa Pwani. Katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, kuna mahame ya Takwa, mji uliokaliwa takriban tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi mwisho wa karne ya 17, ukazungukwa na ukuta wa mawe, ukaachwa, na wakazi wake wengi, kwa mujibu wa mapokeo ya wenyeji, wakavuka mkondo na kwenda kukaa Shela. Sababu zinazotajwa ni ugomvi na watu wa Pate na maji ya visima yaliyogeuka kuwa ya chumvi, nazo si lazima zipingane, kwa maana mji wenye maji haba huvumilia vita kwa shida. Katikati ya Takwa umesimama msikiti wa Ijumaa ambao juu ya ukuta wake wa kibla imeinuliwa nguzo kubwa, jambo lisilo la kawaida hata katika ujenzi wa Waswahili wanaojulikana kwa makaburi ya nguzo, na ndiyo sababu James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeuchimba katika miaka ya 1950, aliuita Msikiti wa Nguzo. Nyumba za mji huo zilielekezwa kaskazini, kana kwamba mji mzima ulipangwa safu kama jamaa nyuma ya imamu. Nje ya ukuta, karibu na maji, lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya tarehe inayoangukia miaka ya mwanzo ya 1680.

Leo Takwa ni eneo la Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wageni hufika kwa mashua wakati maji yamejaa katika mkondo wa mikoko, hulipa kiingilio, huoneshwa msikiti, kisha huondoka. Kwa sheria ya nchi, hilo ni gofu linalohifadhiwa. Lakini watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa kizazi cha waliohama, wamedumisha desturi ya kurudi huko mara mbili kwa mwaka, wakazuru kaburi lile na kuomba mvua. Inafaa kuzingatia kwa makini kile kinachotokea katika desturi hiyo. Mji ulikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, paa la msikiti limeanguka, hakuna mwadhini wala mimbari, lakini mahali hapo pana watu wanaopatambua kuwa pao, si kwa kupakalia, bali kwa kuwajibika kupaendea. Serikali imekihifadhi kile kilichojengwa, nao wamehifadhi kile ambacho kilijengewa, na hakuna ushahidi kwamba moja limelizuia jingine. Jina la makumbusho halikulifuta jina la zamani. Limekuja juu yake tu.

Mtu anaweza kusema kwamba uhusiano wa watu wa Shela ni na kaburi, wala si na msikiti, na kwamba hiyo ni ziara, yaani kuzuru waliokufa, ambayo hukumu yake imezozaniwa na wanazuoni. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halivunji hoja, kwa sababu linalotafutwa hapa si uhalali wa kila desturi bali ni kujua kama kuhama kwa watu hukata kamba iliyowafunga na mahali pao pa ibada. Takwa inaonyesha kwamba hakukati.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, inatoa funzo la namna nyingine. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 uligundua chini ya msikiti wa Ijumaa mfululizo wa misikiti midogo zaidi, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo ya karne ya 8, kisha ya mawe, hadi msikiti mkubwa uliotumika mpaka mji ulipoachwa katika karne ya 15. Kila kizazi kilibomoa au kufunika kazi ya kizazi kilichotangulia, lakini hakikuhama kiwanja. Jengo lilibadilika mara nyingi huku mahali pakibaki pale pale, jambo ambalo linapatana sana na namna mafakihi wa Shafii walivyolifikiri suala hili, kama inavyoelezwa hapa chini.

Katika Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kimesomeshwa kwa vizazi katika miji ya Pwani na miongoni mwa wanazuoni wa Kisomali, hukumu ni kwamba msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Sababu inayotolewa na washereheshaji, yaani waandishi waliofafanua kitabu hicho, ni nyepesi na nzito kwa pamoja: bado inawezekana kuswali juu ya ardhi ile. Mawe yakihofiwa kuharibika au kuibwa, kadhi anaweza kuamuru yatumike kujenga msikiti mwingine, na wa karibu ndio bora, lakini ardhi yenyewe haiondoki katika hali ya usikiti. Madhehebu nyingine zilichukua njia tofauti. Katika madhehebu ya Hanafi, Abu Yusuf alisema msikiti uliohamwa hubaki msikiti, lakini mwenzake Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani alisema kwamba ardhi yake hurudi kwa aliyeitoa wakfu au warithi wake. Wanazuoni wa Hanbali waliruhusu wakfu uliokosa manufaa ubadilishwe kwa kitu kingine, hata msikiti, na hoja yao mashuhuri ni riwaya inayosema kwamba Khalifa Umar alimwandikia gavana wake wa Kufa, baada ya hazina ya mji huo kuibiwa, auhamishe msikiti hadi mahali pengine.

Tofauti hizi zinaonyesha kwamba sheria haikulala usingizi mbele ya mabadiliko. Rai ya Hanbali inatazama manufaa ya walio hai, na katika mji unaokua haraka rai hiyo ina mvuto mkubwa. Rai ya Shafii inatazama neno lililotolewa, na inakataa kwamba kutotumika kwa mahali kunaweza kulitangua. Na ni katika rai hii ya pili ndipo mfugaji na mjenzi wa matumbawe wanapokutana chini ya hukumu moja, kwa kuwa mafakihi hao hao walitofautisha kati ya msikiti, ambao umetolewa wakfu, na mahali pa kuswalia tu, ambapo pamesafishwa kwa haja ya muda. Mchungaji wa Ijara hakutoa wakfu. Alikopa ardhi kwa Mwenyezi Mungu na kuirudisha. Mwenyeji wa Takwa alitoa. Upo pia ufafanuzi wa baadhi yao unaohusu moja kwa moja nchi kama ya Garissa, kwamba katika ardhi mfu, yaani ardhi isiyo na mmiliki wala haijaendelezwa, mtu akijenga kwa nia ya kufanya msikiti basi umekuwa msikiti hata bila tamko la mdomo, ilhali katika ardhi inayomilikiwa tamko huhitajika.

Mtihani mgumu zaidi wa hukumu hii uko Mombasa, katika eneo la Mbaraki. Hapo ulijengwa msikiti katika karne ya 15, ukahamwa katika karne iliyofuata, na gofu lake likawa mahali pa kutambikia pepo, yaani pa kupeleka sadaka kwa mizimu ili watu wapate nafuu ya maradhi au shida zao. Kando yake, karibu na mwaka 1700, ikajengwa nguzo ndefu ambayo nayo ilipokea ubani na marashi ya waombaji kwa muda mrefu. Kisha, mwishoni mwa karne ya 20, msikiti ukajengwa upya mahali hapo, na swala zikarudi. Kwa mwenye kuona kwamba utakatifu ni matumizi, Mbaraki ilikuwa msikiti, ikawa mzimu, ikawa msikiti tena, na hapakuwa na uhusiano kati ya hatua hizo ila wa bahati. Kwa mwenye kuona kwamba utakatifu ni ardhi, hata matambiko yalikuwa ushahidi wa nguvu za mahali. Lakini kwa hoja ya wakfu, kilichotokea ni kwamba ahadi ilisahauliwa kwa zaidi ya karne tatu na kisha ikatimizwa na watu ambao hawakuitoa wao. Maelezo haya ya mwisho ndiyo pekee yanayoweza kueleza kwa nini wajenzi wapya walichagua kiwanja hicho na si kingine, na kwa nini jambo hilo linaonekana kuwa la haki badala ya kuwa uvamizi. Ni kweli kwamba waliokuwa wakitambika hapo walikuwa na haja zao na machozi yao, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuwadharau.

Jengo linapovuka kutoka dini moja hadi nyingine, swali huchukua sura ya mamlaka. Waomani waliowatoa Wareno katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17 walijenga Ngome Kongwe ya Unguja juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ayasofya ya Istanbul, kanisa lililokamilika mwaka 537, ilikuwa msikiti tangu 1453, makumbusho tangu miaka ya 1930, na msikiti tena tangu 2020. Na msikiti mkuu wa Córdoba umekuwa kanisa tangu 1236. Katika visa hivi aliyeshinda ndiye aliyeamua. Dhidi ya kanuni hiyo ya nguvu yapo masimulizi ya kale juu ya Khalifa Umar alipoingia Jerusalem, kwamba alikataa kuswali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu ili Waislamu watakaokuja wasije wakalidai kwa kisingizio kwamba Umar aliswali humo. Masimulizi haya yana maana kubwa kwa mjadala huu, kwa sababu yanakiri kwamba swala moja tu ya mtu mkubwa inaweza kugeuzwa kuwa hati ya kumiliki, na yanaweka wajibu wa kujizuia juu ya mwenye nguvu.

Kanisa Katoliki nalo lina kanuni yake. Kanuni ya 1222 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamruhusu askofu kuliondoa kanisa lisiloweza kutumika tena katika hali ya kuwa mahali patakatifu, likatumiwa kwa shughuli za kidunia, mradi zisiwe za aibu. Hapa utakatifu unaweza kuondolewa kwa mamlaka ile ile iliyouweka, jambo ambalo rai ya Shafii hailikubali. Lakini historia haikungojea amri ya askofu kila mara. Kanisa kuu la Mogadishu, lililojengwa na Waitalia katika miaka ya 1920, lilishuhudia askofu wake, Salvatore Colombo, akiuawa ndani yake mwaka 1989, kisha likabomolewa na vita, na kwa miaka mingi magofu yake yakawa hifadhi ya familia za Kisomali zilizokimbia makwao, Waislamu waliopika na kulala chini ya matao ya kanisa. Hakuna kanuni iliyoidhinisha jambo hilo, na hata hivyo ni vigumu kuona ni matumizi gani mengine ya jengo lile yangeweza kukaribia zaidi yale ambayo Injili inawaamuru wafuasi wake juu ya mgeni na asiye na makao.

Jambo hilo linakumbusha kwamba hata msikiti haukuanza ukiwa mahali pa swala peke yake. Msikiti wa Mtume mjini Madina, wenye nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti, ulikuwa mahali pa kupokea wajumbe, pa kulaza maskini waliojulikana kuwa watu wa Suffa, pa kutibia majeruhi hemani, na pa kufundishia. Kwa hiyo msikiti unaofungwa kwa kufuli baada ya kila swala, kama ilivyo katika miji mingi ya leo kwa hofu ya wizi au ya fujo, umekwisha kubadilishwa matumizi, ingawa jina lake halijabadilika na hakuna anayelalamika. Mabadiliko ya kupungua huwa hayaonekani kirahisi kama mabadiliko ya kugeuka.

Hofu hiyo haikukosa sababu. Tarehe 1 Julai 2012 watu wenye silaha walishambulia makanisa mawili ya mji wa Garissa siku ya Jumapili na kuua watu zaidi ya 10, na baadaye viongozi wa Waislamu nchini walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu wangesaidia kulinda makanisa. Tangazo hilo halikupaswa kusomwa kama hisani tu. Lilikuwa ni kukiri kwamba nyumba ya ibada ya jirani inaweka wajibu hata juu ya asiyeabudu humo, kwa maana ile ile ambayo gofu la Takwa linaweka wajibu juu ya serikali isiyo na dini.

Masalani ya leo imo katikati ya mabadiliko ambayo Shanga ilipitia kwa karne kadhaa, ila yenyewe inayapitia katika maisha ya mtu mmoja. Mji ulipokuwa makao makuu ya Wilaya ya Ijara, iliyomegwa kutoka Garissa, watu waliozoea kuhama walikaa, na mahali pa kuswalia pa miti na matawi pakaanza kupisha misikiti ya matofali na mabati, yenye vipaza sauti na matangi ya maji ya udhu. Mabadiliko hayo yanageuza pia hukumu ya mahali. Kilichokuwa ardhi ya kuswalia kwa muda kinakuwa wakfu, na wakfu, kwa madhehebu ya wakazi wenyewe, haufutiki hata paa likianguka. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ilishikiliwa na mabaraza ya wilaya kwa niaba ya jamii, na usajili wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 umekwenda polepole. Penye misikiti, duksi na makaburi pasipo na hati, kinachosimama badala ya hati ni kumbukumbu ya wazee.

Ni hapa ambapo ugumu uliotajwa mwanzoni unajitokeza. Hoja ya wakfu ina nguvu kwa kuwa inategemea neno, na ina udhaifu kwa sababu hiyo hiyo. Miji ya Lamu na Mombasa ilizoea tangu enzi za ukoloni kuwa na makamishna wa wakfu wenye kutunza daftari, ilhali bara la kaskazini-mashariki liliachwa nje ya utaratibu huo, na ni Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 iliyofungua mlango wa kusajili wakfu za nchi nzima. Usajili unaostahili jina hilo ungeandika zaidi ya nambari ya kiwanja: ungetaja aliyetoa ardhi au ukoo ulioitoa, maneno yaliyosemwa siku hiyo na mbele ya nani, mipaka ya msikiti wenyewe ikitengwa na ya uwanja wa duksi na ya maduka ambayo kodi yake huulisha msikiti, na makaburi yaliyomo. Kutenganisha huko kuna uzito wa kisheria, kwa kuwa duka la wakfu linaweza kujengwa upya au kukodishwa kwa masharti mengine, lakini eneo la kusujudia haliwezi, na kiongozi wa kamati atakayekuja baada ya miaka 60, akitaka kupanua barabara au kuhamisha jengo kutoka kingo za mto unaofurika, atahitaji kujua ni ipi kati ya sehemu hizo anayoruhusiwa kuigusa.